Mbegu ya Mgeni

Karanga zote za Ugogo zilipotoka sawa, nilidhani mashine imeharibika. Niliizima, nikasafisha mdomo wake kwa pamba na spiriti, nikaiwasha upya. Nikaipa unga wa karanga ya Tabora, ikaniambia ni ya Tabora. Nikaipa ya Masasi, ikaniambia ni ya Masasi, na jina la kijiji ikanitajia. Nikairudishia ya Ugogo. Ikasema kile kile ilichokuwa inasema tangu asubuhi: hii nimeshaisoma.

Mashine ilikuwa nzima. Nikaendelea na kichupa kilichofuata, kwa sababu mshahara wangu ulikuwa wa kuendelea.

Kazi yenyewe haina maajabu. Ndani ya kila punje ya karanga kuna uzi mrefu wa maandishi, na maandishi hayo yana herufi nne tu. Kuna mahali herufi hukwama na kujirudia, kama mtu mwenye kigugumizi. Ukoo mmoja hukwama mara tisa mahali fulani, ukoo mwingine hapo hapo hukwama mara kumi na nne. Hivyo vigugumizi ndivyo tunavyoviita alama. Mashine huvihesabu mahali sitini, na mbegu mbili zikigugumia sawa kotekote, basi ni mbegu moja iliyojipa majina mawili. Moja inabaki kwenye rafu ya chumba baridi cha Hazina ya mbegu hapa mlimani, nyingine inakwenda kwenye tanuri. Umeme wa mlima mzima hautoshi kupoza mapacha.

Nimechoma mapacha wengi. Mwanzoni nilikuwa nikisimama mbele ya tanuri mpaka mwisho, kama mtu aliyekwenda kuzika. Siku hizi nabonyeza kitufe na kwenda kunywa chai.

Karanga zenyewe si watu wa mambo mengi. Ua la karanga hujioa lenyewe kabla halijafunguka vizuri, kisha hushusha kikonyo ardhini na kuzaa gizani. Kwa hiyo karanga hufanana, na sisi wasomaji tumezoea kuhangaika na tofauti ndogondogo. Lakini kufanana ni jambo moja, na kuwa yule yule ni jambo lingine. Hizi za Ugogo zilikuwa mia moja na arobaini na ushee, kila moja imetoka kwenye mikono ya mama tofauti, kila moja na jina lake. Gari la Buluu. Kofia Pana. Kalamu Mbili. Asante Baba. Njoo Mwakani. Majina hayo yaliwahi kusomwa kwenye mkutano wa wataalamu, watu wakapiga makofi kwa utajiri wa lugha yetu. Niliyasoma mimi, Damari Chilewa, mtoto wa Ilindwa, Ugogo humo humo, nikiwa nimejaa fahari.

Nikashuka kwenye chumba baridi kuziona kwa macho, maana mimi huletewa unga tu. Nikavuta droo moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa rangi ya chai ya maziwa, nene, punje mbili kwa ganda. Karanga za dukani. Karanga zile zile wanazouza stendi kwenye vikaratasi.

Karanga ya mama yangu ni nyekundu, ndogo, ina mstari mweupe ubavuni, na ganda lake lina punje tatu. Nimekua nikiimenya. Kwenye droo zote zile haikuwamo hata moja yenye mstari.

Nilipaswa kushtuka. Nilihisi njaa.

*

Dakta Mutasingwa, mkuu wa Hazina, hutafuna buni mchana kutwa kama wazee wa kwao Kagera, na huongea akiwa na moja shavuni. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kwa mkuu wa idara hilo ni jambo la kushukuru.

"Kwa hiyo Ugogo nzima tuna karanga moja," akasema.

"Kwenye rafu tuna moja. Mashambani zipo nyingine."

"Mashambani hazihesabiki, Damari. Unajua kuliko mimi. Nyigu wanauliza rafu, hawaulizi shamba."

Nilijua. Nyigu walikuwa wanakuja Ugogo kwa mara ya kwanza msimu huo. Vimashine vidogo, havizidi kidole gumba, vinaruka kwa makundi. Nyigu hutua kwenye jani, huling'ata, huhesabu vigugumizi vyake, kisha huiuliza Hazina: unamjua huyu? Hazina ikisema ndiyo, nyigu huruka zake. Ikisema hapana, huacha tone moja la sumu, na siku ya tatu mche umekauka mpaka kwenye kikonyo. Hakuna wa kumlalamikia. Utaratibu huo ulianzishwa baada ya Mwaka wa Manjano, pale mbegu za magendo zilipoleta ugonjwa na mashamba yakageuka rangi ya ndizi mbivu kutoka Singida mpaka Songea. Mwaka ule watu walipika pumba. Mdogo wangu alizaliwa mwaka ule, na hakuuvuka. Kwa hiyo sijawahi kuwachukia nyigu.

"Mama yangu anayo nyingine," nikasema. "Ya zamani, ya kabla ya Manjano. Nikiileta?"

Akahamisha buni shavu la pili. "Orodha inafungwa siku nyigu wanaporuka. Kabla ya hapo naweza kukufungulia mlango kwa mbegu moja. Mwenye mbegu aridhie mwenyewe, uisome kwanza, kisha tuchukue shamba."

"Tuchukue?"

"Shamba linakuwa la Hazina. Linazungushiwa wigo. Mama anapata cheti chenye jina lake."

"Na akitaka kupanda?"

"Ataomba kibali kama wengine." Alisema bila ubaya wowote. Ni mtu mwema, ila amekaa ofisini miaka mingi. "Mwambie mama, mficha uchi hazai."

*

Nilifika Ilindwa jua likiwa limepanda. Mama alikuwa mbele ya nyumba anachambua majani ya mlenda kwenye ungo, na nyuma yake shamba la mtama limesimama, karanga zimejaa chini yake. Zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa maua.

"Mbukwenyi, mama."

"Mbukwa. Umekonda. Huko mlimani hamli?"

"Tunakula."

"Mnakula nini? Karatasi?"

Mama yangu, Perusi, ana ulimi, na umri haujaupunguza. Nilikaa kwenye kigoda nikamsaidia kuchambua. Nilitaka kuanza polepole, lakini sikuwa na nguvu ya kuzunguka. Nikamwambia kwamba nimezisoma karanga zote ambazo akina mama waliwapa wale wataalamu wa zamani, na zote ni za dukani.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Imewachukua miaka yote hiyo?"

"Mama, si jambo la kuchekesha."

"Ni la kuchekesha sana. Walikuja na gari la buluu. Mmoja ana kofia pana hivi, mwingine kalamu mbili mfukoni, anaandika kwa hii anapumzisha ile. Wanazunguka nyumba kwa nyumba: mama, tunaomba mbegu yako ya asili. Wewe unajua mbegu ya mama haipewi mgeni. Anapewa binti siku anapokwenda kwake, basi. Lakini mgeni naye hafukuzwi mikono mitupu, ni aibu. Tukatuma dukani, tukanunua gunia moja, tukagawana. Kila mtu akafunga kitambaa chake. Wakasema, mbegu hii inaitwaje? Heee! Dukani karanga haina jina. Mama Yoeli akatazama gari, akasema, inaitwa Gari la Buluu. Wakaandika! Wakafurahi! Basi na sisi tukaona kumbe hawa wanapenda majina."

"Nilisoma majina hayo mbele ya watu, mama. Nikapigiwa makofi."

"Si vibaya. Majina ni mazuri."

Nikamweleza habari za nyigu. Nilimweleza yote, jani linavyong'atwa, swali linavyoulizwa, tone linavyoachwa. Nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia kuwaeleza wanafunzi wanaokuja kutembelea Hazina. Mama aliacha kuchambua. Akageuka kutazama shamba.

"Hizi?"

"Hizi zote. Wanaruka ndani ya juma hili. Mlizificha vizuri sana mpaka hakuna anayezijua, na asiyejulikana ndiye anayekauka."

"Ninazo za akiba kwenye kibuyu."

"Za kibuyu utazipanda wapi? Nyigu watarudi mwakani, na mwaka unaofuata. Karanga haikai kama mtama, mama, unajua. Misimu miwili, mitatu, inakufia humo humo ndani ya kibuyu."

Nikamweleza mlango aliotufungulia Dakta, na wigo, na kibali. Nikampelekea na methali yake.

"Mficha uchi hazai," mama akarudia. "Na mwanika uchi, huzaa watoto wa nani?"

"Mama."

"Nikiwapa wanaichukua. Nisipowapa wanaiua. Ndivyo unavyosema?"

"Ndivyo ilivyo."

"Nani anaiomba? Wewe au wao?"

"Si ni kitu kimoja? Mimi ndiye nasoma."

"Ndicho ninachokuuliza, Damari."

Mimi sijaolewa, na sikuwahi kuwa na shamba. Siku ile nilipoondoka nyumbani kwenda kusoma, nilibeba godoro, sanduku na hotpoti. Dada yangu Eliamani alipokwenda kwa mumewe Kongwa, alibeba fundo la kitambaa, akatangulizwa nalo barabarani na akina mama wakiimba. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu, wala sikudhani linaniuma. Nilisema tu, "Nataka isikauke."

Mama akaweka ungo chini. Kisha akainuka, akaingia ndani, nikasikia kinu kikitwangwa. Alipotoka alikuwa na kikopo kidogo kilichofungwa kwa kitambaa.

"Umesema mnasoma unga. Nimekutwangia."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: unga husomeka lakini haupandiki. Alikuwa ananipa nusu, aone kwanza nitaifanyia nini. Ilikuwa haki yake.

Tukala ugali wa uwele na mlenda. Mlenda wa mama hutiwa karanga za kutwanga mpaka unabadilika rangi, na ukiutia mdomoni unajua uko kwenu. Wakati naondoka alinijazia uliobaki kwenye hotpoti yangu, akaifunga kwa kanga ili isimwagike.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nikamtania. "Nimewahi kuondoka."

"Jembe atapewa," mama akasema. "Hakuna aliyesema apewe mbegu."

Nilicheka pamoja naye.

*

Dakta Mutasingwa mwenyewe alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Alikuwa amekwisha andaa karatasi za kufungulia mlango, na fundi wa nyigu alikuwa anasubiri jibu letu ili awarushe. Nilichota unga wa kwenye kikopo kwa kijiko kidogo, nikauchanganya na dawa, nikaulisha mashine.

Inachukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Hatukunywa.

Hii nimeshaisoma, ikasema mashine.

Nikarudia. Nikabadili kijiko, nikabadili kichupa, nikachota kutoka chini kabisa ya kikopo. Ikarudia. Vigugumizi sitini, vyote sitini sawa na Gari la Buluu, sawa na Asante Baba, sawa na gunia la dukani.

Dakta alianza kutabasamu, kisha akaona uso wangu akaacha. "Mama yako ametucheza," akasema taratibu. "Au hana nyingine. Wazee wakati mwingine husema wanacho kitu ambacho kilikwisha zamani."

"Labda," nikasema.

"Nitamwambia fundi awarushe kesho kutwa. Nipe hesabu yako ya Ugogo kabla ya hapo. Moja ibaki, nyingine tanuri." Akanigusa bega, akaenda zake.

Nilibaki na kikopo. Nikakifunga kwa kitambaa chake, vizuri, kama alivyokifunga yeye. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake: ilisoma unga na kunijulisha mimi ni nani. Mbegu ya mama haipewi mgeni, na mgeni hafukuzwi mikono mitupu. Alinitwangia kusudi nisione kwamba hazina mstari. Aliketi ndani mbele ya kinu, akatwanga karanga za dukani kwa ajili ya mwanawe, kisha akatoka na kunipa kwa mikono miwili.

Nilijaribu kukasirika. Sikuona mahali pa kuanzia. Mwili wangu ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unauona ni wako lakini ukiugonga hausemi.

Nikakumbuka njaa. Nikafungua hotpoti.

Mlenda ulikuwa umepoa na kushikana. Juu yake, kando kando, kulikuwa na punje moja iliyoponea kinu, imepasuka nusu tu. Ganda lake jembamba lilikuwa jekundu. Lilikuwa na mstari mweupe.

Niliweka kijiko chini.

Mbegu alininyima, lakini chakula hakujua kuninyima. Alikuwa amenipikia ile ile, kwa sababu mtoto akirudi nyumbani hupikiwa kilicho bora, na hiyo haikuwa na mjadala. Kula, lakini usipande.

Kitu kilichopikwa husomeka kwa shida. Moto na kinu huukata ule uzi vipande vipande, kama tambi zilizokanyagwa. Lakini alama ni fupi, na fupi huponea. Unahitaji tu kuiambia mashine ipuuze majani, ipuuze chumvi, itafute karanga. Nilifanya hivyo. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikailisha mashine mlenda wa mama yangu.

Safari hii ilichelewa. Ilikwama, ikaendelea, ikakwama. Kisha ikaandika kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nianze kazi ile: siijui hii.

Mahali kumi na saba palikuwa na vigugumizi ambavyo hakuna karanga nyingine kwenye Hazina iliyo navyo. Kwa mmea unaojioa, hiyo ni kama kukuta mtu ana ukoo ambao haujawahi kusikika. Nilikaa navyo. Kama ningekuwa mtu wa kulia, hapo ndipo ningelia.

Kulikuwa na njia tatu, na zote nilizijua.

Ningeweza kumpelekea Dakta. Angefurahi kikweli, angefungua mlango, na kesho yake wigo ungezungushwa Ilindwa kwa mbegu ambayo mwenyewe alikwisha kataa kuitoa, tena alikataa kwa mikono miwili. Ningekuwa nimeipora kutoka kwenye chakula alichonilisha.

Ningeweza kunyamaza. Mama alikuwa amechagua akiwa na akili zake timamu. Nyigu wangetua, wangeuliza, wangejibiwa, na siku ya tatu yeye angesimama mlangoni akitazama. Hapo ningekuwa nimeheshimu neno lake, na mbegu ingekwisha.

Na ya tatu ilikuwa uongo. Kwenye orodha, Gari la Buluu lilikuwa na nafasi yake na vigugumizi vyake. Ningeweza kufuta vile vya dukani na kuandika vile vya mlenda. Rafuni zingebaki karanga za dukani kama zilivyo, na Dakta asingejua kuna cha kuchukua. Shambani nyigu wangeuliza, unamjua huyu, na Hazina ingesema ndiyo, namjua, anaitwa Gari la Buluu.

Sikuwa nimewahi kusema uongo kwenye orodha hata siku moja maishani mwangu. Orodha ile ndiyo pekee iliyosimama kati yetu na mwaka mwingine wa pumba. Manjano yakirudi, watu watakuja mbio kwenye mlima huu kutafuta karanga inayoweza kuponea. Watasoma orodha yangu, wataona ile yenye alama kumi na saba za ajabu, watavuta droo kwa matumaini yote. Ndani watakuta karanga za stendi. Watapanda hizo. Na watoto watakaozaliwa mwaka huo watategemea nilichoandika leo.

Nililifikiria hilo hadi mwisho wake. Nilimfikiria na mdogo wangu, ambaye hata sura yake siikumbuki. Kisha nikaandika.

Asubuhi yake Dakta alipitia hesabu yangu. Akasimama kwenye Gari la Buluu.

"Hii juzi ilikuwa sawa na nyingine."

"Kichupa kilikuwa kimechafuka. Nimeirudia."

Akanitazama. Akatazama ile hotpoti juu ya meza, imeoshwa, imefunikwa. Sijui alijua nini. Alitafuna buni yake polepole mpaka ikaisha.

"Basi Ugogo ina karanga mbili," akasema, akaweka sahihi. "Nyingine zote choma."

Nilibonyeza kitufe. Kofia Pana, Kalamu Mbili, Njoo Mwakani. Safari hii nilisimama mpaka mwisho.

*

Nyigu walifika Ilindwa kabla ya joto kukolea. Niliomba kuwa pale. Nilisema ni ukaguzi. Majirani walitoka na watoto wao, wengine na mafagio. Kundi liligawanyika juu ya mtama na kushuka chini kwenye karanga, na kukawa na sauti ya mafuta yakikaanga kitu.

Mama alisimama mlangoni, mikono nyuma. Hakuniangalia.

Nyigu mmoja alitua kwenye mche wa mstari wa mbele. Aling'ata jani. Akakaa. Nilihesabu pumzi zangu bila kutaka, kisha nikapotewa na hesabu. Akaruka. Jani lilibaki na kitundu kidogo, kikavu. Hakuna tone. Akatua mche wa pili, wa tatu, akaruka, akaruka. Lote likaisha hivyo. Shamba zima lilibaki kijani, na maua yake ya njano yamesimama.

Kwa Mama Yoeli, ng'ambo ya njia, majani yalikuwa yanang'aa kwa matone. Mbegu yake ni nyingine, na sikuwa nimekula kwake.

Nilisikia kelele zikianza huko, wanawake wakipangusa majani kwa kanga, kana kwamba tone la nyigu hupanguswa. Mama naye aliona. Akaja mpaka niliposimama.

"Kwa nini kwangu hawakuacha kitu?"

"Hazina inaijua."

"Inaijuaje? Sikuwapa."

"Hukuwapa, mama. Hakuna atakayekuja kuzungusha wigo. Nimewapa jina tu. Karanga hawana."

"Wewe uliijuaje?"

Ningeweza kudanganya tena, nilikwisha jifunza. Lakini alikuwa mama yangu, na anayo macho.

"Nilisoma mlenda."

Nilisubiri anigombeze. Nilisubiri hata anipige. Ningepokea chochote ambacho mzazi humpa mtoto.

"Umesafiri," akasema hatimaye. "Ingia ule."

Akaniwekea kigoda pale pale pa siku zote. Akanimwagia maji ya kunawa, akanipakulia mwenyewe, ugali mkubwa kuliko wake, bakuli lililojaa. Aliniombea baraka za chakula kwa sauti. Alifanya yote ambayo hufanyiwa mtu aliyefika kutoka mbali.

Nikamega tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Mlenda ulikuwa umeiva vizuri, na chumvi yake ilikuwa ya kutosha. Haukuwa na karanga.

Hapo ganzi ikaniachia, yote kwa mara moja, na nikajua mahali panapouma. Mama alikuwa ananitazama, ananisubiri.

"Chakula kizuri, mama," nikasema. "Asante."

"Karibu tena," akasema.